Kukwangua na Kupaka Upya Tumbo la Boti ya Faiba Bila Kuacha Sumu Ufukweni

Rangi ya antifauli, ile inayopakwa chini ya mstari wa maji ili kome, mwani na vigamba visishike, hufanya kazi kwa kuvuja. Sumu iliyosagwa ndani yake huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi, na kiumbe kichanga kinachotafuta pa kujishikiza hufa au huhama. Ikiacha kuvuja haina kazi tena. Kwa hiyo mwenye boti hawezi kuikwepa sumu hiyo kwa ustadi wa brashi. Anachoweza ni kuchagua kivuje nini na kwa kiasi gani, na kuzuia siku ya kukwangua isimwage shehena nzima kwa mpigo mmoja.

Siku hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko nyingine zote. Maji ya bamvua yanakupwa, boti inalazwa ubavu mchangani, watu wanashika skrepa na mashine ya msasa, na kufikia alasiri mchanga umekuwa mwekundu au wa buluu. Maji yakijaa yanachukua kila kitu. Kesho yake hapo hapo kina mama wanaokota kome na watoto wanachokoa pweza.

Hesabu ya boti moja

Chukua boti ya faiba yenye urefu wa mita 7 kwenye mstari wa maji, upana wa mita 2.2 na kina cha kuzama cha mita 0.4. Kwa boti ya injini, eneo la chini hupatikana kwa kujumlisha upana na kina, kisha kuzidisha kwa urefu: 7 × 2.6, yaani mita za mraba 18.2. Lita 1 ya rangi hufunika kama mita za mraba 9 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwa hiyo mikono miwili inataka lita 4. Rangi ya shaba ni nzito. Tukikadiria kilo 1.8 kwa lita, na oksidi ya shaba asilimia 35 ya uzito huo, lita 4 zitabeba kilo 2.5 za oksidi. Ndani yake mna kilo 2.2 za shaba tupu.

Marekani kikomo cha shaba iliyoyeyuka katika maji ya bahari, kwa ajili ya viumbe wanaoishi humo siku zote, ni maikrogramu 3.1 kwa lita. Kwa kipimo hicho, gramu 1 ya shaba inatosha kufikisha lita 320,000 za maji safi kwenye kikomo. Huko San Diego, katika ghuba ndogo ya Shelter Island ambako boti za starehe zimefungwa kwa wingi kwenye maji yasiyotembea sana, kikomo hicho kilivukwa hadi mamlaka ya maji ikaagiza mwaka 2005 kwamba shaba inayoingia ipunguzwe kwa asilimia 76. Tangu Julai 2018 jimbo la California haliruhusu rangi ya boti za starehe ivuje zaidi ya maikrogramu 9.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa siku. Hata kwa rangi inayotii sheria hiyo, boti yetu ya mita za mraba 18.2 inaweza kutoa gramu 1.7 za shaba kila siku. Kwenye mkondo wa bahari kuu itatawanyika. Kwenye hori lililozungukwa na mikoko, boti thelathini zikiwa zimefungwa pamoja, itatua kwenye tope na kukaa.

Shaba ndiyo nafuu, kwa sababu kilichoitangulia kilikuwa kibaya zaidi. Mchanganyiko wa bati unaoitwa TBT ulienea kwenye rangi za meli kuanzia miaka ya 1960. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wa kufugwa walianza kuota magamba mazito yenye vyumba vyumba ndani, wakavimba kama mipira, na vifaranga vyao vikakosekana. Ufaransa ikapiga marufuku rangi hiyo mwaka 1982 kwa boti za chini ya mita 25. Konokono wa pwani ndio walioeleza ukali wake: kwenye maji yenye nanogramu 1 tu ya bati hilo kwa lita, konokono jike wa miambani Ulaya huanza kuota uume. Kiasi kikizidi, mrija wa dume humea juu ya tundu la kutolea mayai na kuliziba, mayai yanarundikana ndani, na jike hufa nayo. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) wa mwaka 2001 ulianza kutumika Septemba 2008 na kuizuia TBT kwenye meli zote. Tangu Januari 2023 mkataba huo huo unazuia pia saibutrini, iliyouzwa kwa jina la Irgarol 1051. Hii huzuia mimea kutumia mwanga wa jua, na haichagui: inayazuia pia majani ya baharini na vile vijimwani vinavyolisha matumbawe kutoka ndani.

Kabla ya skrepa: chini kuna nini?

Boti iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, hasa iliyotoka nje ya nchi au iliyopakwa kabla ya 2003, ichukuliwe kuwa na TBT mpaka ithibitike vinginevyo. Boti za alumini zitiliwe shaka zaidi, kwa sababu shaba hula alumini na wenyewe walikuwa wakitumia rangi ya bati badala yake. Kwangua kisehemu cha ukubwa wa sarafu karibu na mkuku uhesabu tabaka. Ukikuta rangi tatu nne tofauti, zile za ndani huzijui.

Kama tabaka hizo zimeshika vizuri, hazibanduki kwa ukucha wala kwa ncha ya kisu, ziache. Osha, piga msasa wa maji juu juu, kisha zifungie ndani kwa rangi ya kuzibia (silaa) inayopatana na rangi ya zamani. Mkataba wa IMO wenyewe unaikubali njia hii. Mafundi wengi hudhani kazi nzuri ni kufika kwenye faiba tupu kila mara. Kwa sumu ya zamani iliyoshika imara, kuibandua ndiko kunakoirudisha baharini. Bandua pale tu inapobanduka yenyewe, inapovimba malengelenge, au unapohama kwenda kwenye mfumo usio na sumu.

Mahali na turubai

Pandisha boti juu ya alama ya maji ya bamvua, si juu ya alama ya maji ya leo. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na kazi ya siku tatu iliyoanza siku za maji mafu inaweza kufuatwa na maji kabla haijaisha. Sakafu ya saruji ni bora kuliko mchanga. Epuka mkondo wa maji ya mvua, epuka mikoko, na kaa mbali na mashamba ya mwani. Masika usikwangue kabisa nje bila paa.

Turubai hutandikwa kabla boti haijakaa, ili lipite pia chini ya mkuku na chini ya magogo ya kuegemea. Wakilitandika baadaye, huwa wanalikata vipande viwili kushoto na kulia, na katikati panabaki mfereji wazi wa sentimita 40. Humo ndimo unga mwingi zaidi huangukia. Kwa boti yetu tumia turubai zito la mita 10 kwa 6, lisilo na tundu. Viringisha pindo zake juu ya mbao za mbili kwa mbili ili pawe na ukingo pande zote, na uache kona moja iwe chini kidogo kuliko nyingine, maji yakusanyike hapo. Chini ya magogo weka vipande vya zulia kuukuu, turubai lisitoboke. Upepo ukipeperusha vumbi, simamisha kazi. Pazia la turubai la pili upande wa upepo husaidia, lakini halizuii kila kitu.

Kuosha ndani ya saa ya kwanza

Uoto ungali mbichi hutoka kwa ubao au kikwangua cha plastiki. Ukisubiri hadi kesho, vile vigamba vyeupe vinaganda kama saruji na utalazimika kutumia chuma, na chuma kitang'oa rangi pamoja navyo. Anza hapo hapo boti inapotua. Usitumie mashine ya maji ya kasi kama huna mahali pa kuyakamata maji hayo, maana huichimba rangi na kuirusha mita kadhaa. Ndoo mbili na brashi ya nyuzi laini zinatosha. Kwa boti hii, ukijibana, lita 60 za maji zitafanya kazi.

Maji ya kona yachote utie kwenye pipa. Yaache saa 24 yatulie. Yachuje kwa kitambaa kizito cha pamba, tope lende kwenye mfuko wa taka. Yale yanayobaki yanaonekana safi, na hapa ndipo watu hukosea: shaba iliyoyeyuka haionekani wala haichujwi na kitambaa. Usiyarudishe baharini wala usiyamwage mtaroni. Yamwage kwenye beseni pana au kipande cha turubai chenye kingo, juani, yakauke; lita 60 zikitandazwa nyembamba hukauka kwa siku chache za jua. Unga unaobaki ni taka kama nyingine. Weka uzio, mbuzi na kuku hunywa humo.

Kukwangua

Kavu ni haramu. Mashine ya msasa ikizunguka juu ya rangi kavu hutoa vumbi jembamba lenye shaba, na kwenye boti za zamani lenye bati na risasi pia. Linaingia mapafuni mwa anayekwangua, linamfuata nyumbani kwenye nguo, na linapeperuka hadi kwenye maji bila kuonekana. Kuunguza kwa moto wa gesi ni kubaya zaidi, kwa sababu moshi wake ni sumu hiyo hiyo iliyogeuzwa hewa.

Tumia skrepa ya mkono yenye ubapa wa chuma kigumu, upana wa sentimita 5 hadi 6, pembe zake zimeviringishwa kwa tupa ili zisichimbe. Lowanisha eneo la nusu mita kwa nusu mita kwa chupa ya kunyunyizia. Vuta skrepa kuelekea kwako, kwa urefu wa boti, mivuto mirefu. Rangi iliyolowa hutoka kama maganda na kudondoka turubaini badala ya kuruka. Kisha malizia kwa msasa wa maji namba 80, ukichovya mara kwa mara. Mashine ya umeme haina nafasi kwenye kazi ya maji. Inaua.

Angalia rangi ya maji yanayotiririka kutoka kwenye msasa. Yakiwa mekundu au ya buluu, bado uko kwenye antifauli. Yakianza kugeuka kijivu au ya maziwa, umegusa prima (rangi ya msingi) au jelikoti: simama. Jelikoti, ngozi laini ya nje ya faiba, ina unene wa kama nusu milimita tu. Ukiipita, maji hupenya kwenye nyuzi, na baada ya muda tumbo la boti linaota malengelenge yenye majimaji ya harufu ya siki. Kuyatibu ni kazi ya miezi na gharama kubwa kuliko rangi yoyote.

Anayekwangua avae barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100, miwani inayofunga pembeni, glavu za nitraili na ovaroli. Kitambaa usoni hakizuii chochote. Asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa hadi viwikoni, na ovaroli ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto. Watoto wasikaribie hata kuja kutazama.

Maganda na tope

Kunja turubai kutoka kingoni kwenda katikati, zoa, na utie kwenye mifuko miwili mizito, mmoja ndani ya mwingine, kisha kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Tabaka la rangi lenye unene wa maikroni 100 kwenye boti yetu ni karibu lita 2 za maganda. Tabaka za miaka mingi hujaza ndoo. Pima uzito na uandike. Usichome, usifukie, usijazie msingi wa nyumba. Kuhusu mchukuzi mwenye kibali cha taka hatari, ziulize mamlaka za mazingira: NEMA kwa Kenya, NEMC kwa Tanzania Bara na ZEMA kwa Zanzibar. Mchukuzi hatakuja kwa ndoo moja, na ndiyo sababu pipa linafaa liwe la kikundi cha usimamizi wa pwani, BMU, au la kamati ya wavuvi. Boti kumi zikichangia pipa moja lililofungiwa bandani, safari yake inawezekana kulipika.

Kuchagua rangi

Swali la kwanza ni kama unahitaji sumu hata kidogo. Boti inayovutwa nchi kavu kila siku, au kila baada ya siku mbili tatu, haihitaji. Uoto mwingi haupati nafasi ya kukomaa ukikaushwa hivyo. Ipake rangi ngumu ya epoksi, uisugue kwa sifongo, basi.

Boti inayolala majini lakini ina watu wa kuishughulikia inaweza pia kwenda na epoksi ngumu isiyo na sumu, ikisuguliwa kila baada ya wiki mbili. Maji yetu ni ya joto, uoto ni wa haraka. Wiki mbili zikigeuka sita, utasugua vigamba badala ya ute. Rangi ya silikoni, inayofanya uoto uteleze boti inapokimbia, ni nzuri kwa boti za watalii na za uokoaji zinazotembea kila siku kwa kasi. Kwa boti inayopwelewa mchangani au kugusa miamba haifai, huchanika mara moja. Majahazi na mashua za mbao yalikuwa yakipakwa deheni, chokaa iliyokorogwa na mafuta ya wanyama, chini ya maji, na sifa, yaani mafuta ya samaki, juu yake. Deheni hutaka kurudiwa mara kwa mara, na kwa mwenye chombo cha mbao kinachopandishwa kila bamvua bado ni njia ya kuheshimiwa.

Ukilazimika kutumia shaba, soma kopo. Majina hubadilika kwa lugha na kampuni, lakini namba ya CAS, ile ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, haibadiliki. Oksidi ya shaba ni 1317-39-1. Saibutrini ni 28159-98-0: kataa. Diuroni ni 330-54-1, dawa ya magugu inayodhuru matumbawe na majani ya bahari kwa njia ile ile: kataa pia. Oksidi ya TBT ni 56-35-9: kopo lenye namba hiyo ni marufuku, liripoti. Zinki pirithioni, 13463-41-7, hukatika haraka kwenye mwanga wa jua lakini ni kali kwa samaki wachanga. Kwenye hori lenye tope na kivuli cha mikoko tuiepuke. Rangi iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au galoni isiyo na karatasi usinunue, hata ikiwa nusu bei. Na shaba isiguse alumini kamwe. Mguu wa injini uachiwe nafasi ya sentimita 3 hadi 4 isiyopakwa shaba.

Kupaka

Shaba hutuama chini ya kopo kama mchanga. Koroga kwa mti bapa dakika 5 hadi 10, ukikwangua kitako, na urudie kila baada ya robo saa. Asiyekoroga hupaka omo kwa maji ya rangi na tezi kwa sumu tupu: mbele panaota kome baada ya miezi miwili, nyuma panavuja kupita kiasi. Tina, kile kiyeyusho cha kuzimulia rangi, isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kopo.

Epoksi ikiwa chini, antifauli ya kwanza ipakwe wakati epoksi ikiguswa kwa dole gumba inaacha alama lakini haigandi kidoleni. Ukichelewa, haitashika na itabanduka vipande vizima baharini. Hapo piga msasa kwanza. Paka asubuhi umande ukishakauka, upande wa kivuli. Mikono miwili inatosha. Ongeza wa tatu kwenye mstari wa maji, ukingo wa omo na usukani tu, kwa upana wa sentimita 20. Kupaka mikono minne kila mahali hakuongezi ulinzi kwa kadiri ile, bali hurundika shaba itakayokwanguliwa mwaka ujao. Vipande vya zinki vinavyokinga chuma kisiliwe, na jicho la kipimakina, visipakwe.

Rangi iliyobaki rudisha koponi. Rola na brashi zikauke kisha zende kwenye pipa la taka. Tina ya kuoshea iache itulie. Ya juu itumike tena.

Boti ikiwa majini

Rangi ya shaba, hasa ile laini inayojimenya, haisuguliwi majini. Ukipitisha kitambaa na wingu la rangi likatokea, hiyo ni sumu ya wiki nyingi inayotoka kwa dakika moja: acha, subiri hadi boti ipande. Epoksi na silikoni husuguliwa, kwa kitambaa laini au sifongo, kabla vigamba havijakomaa. Boti inayotoka bandari moja kwenda nyingine ya mbali isafishwe kabla ya kuondoka. Mwaka 1999 huko Darwin, Australia, kome wa kigeni waliodhaniwa kuletwa na boti walijaa bandarini hadi ikabidi maji ya marina, maegesho ya boti, yatiwe klorini na chumvi ya shaba ili kuwaua, na kila kilichokuwa humo kikafa nao.

Mwishoni, ndani ya kabati la boti bandika karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: tarehe, jina la rangi na namba zake za CAS, lita ngapi zilitumika, mikono mingapi, nini kimefungiwa chini ya silaa na wapi, kilo za taka zilizotoka na zilikopelekwa. Fundi atakayeshika skrepa miaka mitano ijayo ataanzia hapo.